Mahuru na Kizazi Chao

Kwetu posa haikuwa ikijibiwa na binti wala na baba yake. Ilijibiwa na shajara ya nasaba. Wageni wakishaaga, visahani vya halua vikiwa bado havijaondolewa, shangazi yetu mkubwa aliuliza swali ambalo kila mtu ukumbini alilijua kabla hajafungua kinywa: "Huyu ni kufu yetu?" Jibu likiwa siyo, yaani nasaba yake si sawa na yetu, hakuna aliyetukanwa. Wazee wa mvulana walipelekewa salamu nzuri kwamba mtoto bado anasoma. Niliwahi kusikia hiyo "bado anasoma" ikisemwa juu ya binamu yangu aliyekuwa na shahada mkononi na kazi ya benki.

Nililelewa ndani ya swali hilo na sikuliona kuwa na ubaya. Majina yetu yaliishia na nisba ya Kiomani. Tulikuwa na shamba la mikarafuu Pemba, upande wa Wete. Na tulikuwa na hadithi: babu mkuu alitoka Maskati kwa jahazi lake mwenyewe, akapanda, akajenga, akazaa. Mama yake babu yangu, katika hadithi hiyo, alikuwa binti wa bwana huyo. Mama yake yeye ni nani, hakuna aliyesema. Hadithi za koo zetu zina manahodha wengi na wanawake wachache.

Kazi yangu mpaka nilipostaafu ilikuwa kusomesha historia. Kila mwaka niliwapeleka wanafunzi Mkunazini, penye kanisa la Kianglikana lililojengwa mahali pa soko la watumwa baada ya Sultani Barghash kulifunga mwaka 1873. Tulisimama kando ya lile shimo lenye sanamu za watu waliovikwa minyororo shingoni, nikawaeleza misafara ya kutoka pande za Ziwa Nyasa, bandari ya Kilwa Kivinje, Bagamoyo, bei ya karafuu. Nilieleza vizuri, sina shaka. Nilieleza kama mtu anayewasimulia watoto habari za majirani waliohama zamani.

Kilichonipeleka kwenye makaratasi ya ukoo hakikuwa hamu ya elimu. Ilikuwa pasi ya kusafiria. Sultani Qaboos aliposhika madaraka Julai 1970 aliwaita Waomani waliotawanyika nje warudi kwao, na familia nyingi za Unguja na Pemba zikafuata njia hiyo. Binamu yangu mmoja anaishi Maskati na alitaka kuwawekea sawa wanawe mambo ya uraia. "Da," akaniambia kwenye simu, "wewe ndiye msomi, na kasha la bibi liko kwako. Nitafutie karatasi yoyote yenye jina la babu mkuu."

Kasha lenyewe ni la mninga, lina misumari ya shaba na visaduku vya siri chini yake. Bibi, mke wa babu yangu, alifariki akiwa amelilinda kuliko alivyoilinda afya yake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 watu wengi walitia moto karatasi zao, hasa zenye majina ya Kiarabu na mipaka ya mashamba. Yeye hakuchoma hata stakabadhi ya pishi moja ya karafuu. Nilizikuta zote zimefungwa kwa uzi: stakabadhi za Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, ile iliyoanzishwa 1927, za mwaka hadi mwaka. Nilipozipanga kwa tarehe niliona jambo dogo. Katika zile kongwe babu yangu ameandikwa kwa jina lake na la baba yake, basi. Nisba haipo. Inaingia baadaye, miaka ya vita, na baada ya hapo haitoki tena.

Chini kabisa, ndani ya kipande cha kanga iliyochakaa, palikuwa na msahafu. Wazee wetu waliandika kuzaliwa na kufa katika kurasa tupu za mwisho wa msahafu, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mimi nilisoma chuo cha Kurani, herufi za chapa hazinishindi, lakini mwandiko ule ulikuwa wa haraka na wino umepauka. Nikaenda kwa maalim wetu wa zamani, ambaye siku hizi anasoma kwa kioo cha kukuzia. Alipofungua, karatasi iliyokunjwa mara nne ikadondoka mapajani mwake. Akaikunjua, akaisoma kimya mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mwanangu," akasema, "nikusomee unachokitafuta, au nikusomee kilichoandikwa?"

"Kilichoandikwa, Maalim."

Ilikuwa hati ya wakfu ya mwaka 1315 wa Hijria, yaani kati ya Juni 1897 na Mei 1898. Bwana mwenye nisba ileile tunayoitumia sisi anatamka kwamba ameweka wakfu kipande cha shamba chenye mikarafuu na minazi, mpaka wake wa kaskazini ni kijito, wa magharibi ni shamba la fulani, kwa ajili ya mahuru wake, yaani watumwa aliowaacha huru, na kizazi chao. Yanafuata majina matano. La pili ni la mama yake babu yangu.

Jina lake silitaji hapa kwa sababu ndugu zangu wameniomba nisilitaje, nami nimekubali kwa sasa. Niseme tu kwamba ni jina la kitu kinachonukia, la aina ambayo mabwana walipenda kuwapa wajakazi wao, na limefuatwa na "binti Abdallah", ubini waliopewa mahuru ambao hakuna aliyewajua baba zao. Msomaji wa Zanzibar mwenye umri wangu hahitaji maelezo zaidi. Hakuwa binti wa bwana. Alikuwa mali yake.

Sikulia wala sikushangilia. Nilichofikiri kwanza, pale kwenye mkeka wa maalim, ni sura ya shangazi. Cha pili ilikuwa tarehe, maana ualimu haumtoki mtu hata katika saa kama hiyo.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuondoa utumwa kisheria Unguja na Pemba. Kwenye vitabu vya shule inasomeka kana kwamba watu waliamka asubuhi wako huru. Haikuwa hivyo. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuuomba uhuru wake, na bwana akilipwa fidia. Aliyeachwa huru alitakiwa aonyeshe ana makazi na njia ya kuishi, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Masuria waliwekwa kando kabisa, wakahesabiwa kama wake wa nyumbani, na wao walingoja mpaka sheria ya 1909. Kwa hiyo bwana aliyeandika hati muda mfupi baada ya amri hiyo, bila kwenda mahakamani, aliikosa fidia. Mcha Mungu? Naamini hivyo, na maandishi yake yana hofu ya kweli ya akhera. Lakini karafuu hazijichumi. Watu watano waliopewa ardhi kando ya shamba kubwa walikuwa watu watano wasioondoka, msimu ukifika wako papo hapo, na wao hawakuwa na hatari ya kuitwa wazururaji. Nimejifunza kuyaona mambo hayo mawili pamoja katika karatasi moja na kutolazimisha mojawapo liwe ndilo la kweli peke yake.

Nilikwenda Nyaraka za Taifa, Kilimani, nikitafuta habari za bwana huyo. Nilikuwa bado, kwa namna fulani, namtafutia binamu yangu pasi. Nikalipata jina lake katika faharasa ya kesi za madai, na jalada lilipoletwa, aliyekuwa ndani yake hakuwa yeye. Alikuwa amekwisha kufa. Walikuwamo wajukuu zake wakidai shamba lirudi kwao miaka ya 1920, na aliyesimama kuwajibu alikuwa mama yake babu yangu.

Sijui niielezeje furaha ya kumkuta mtu wa ukoo wako ndani ya jalada la mahakama. Karani alikuwa akitafsiri na kufupisha kwa Kiingereza kikavu, lakini sauti ya mwanamke inapenya. Anaulizwa umri wake, anasema hajui, ila aliletwa akiwa hajang'oka meno ya utotoni, kimbunga kikiwa kimekwisha kupita. Kimbunga hicho ni cha Aprili 1872, kilichong'oa mikarafuu ya Unguja na kuacha ya Pemba imesimama, na kuanzia hapo Pemba ikawa na njaa ya watu wa kuchuma. Soko la Mkunazini lilifungwa mwaka uliofuata, biashara ikageuka ya magendo, majahazi yakivuka usiku huku manowari ya Kiingereza iitwayo London ikiyawinda kutoka bandari ya Unguja. Anasema anakumbuka kulazwa chini ya jamvi na kukatazwa kukohoa. Kwao ni wapi? Anataja mto, hataji nchi. Wakili wa upande wa pili anataka kujua kama amewahi kulipa kodi ya ardhi. Anajibu kwamba amelipa tangu utoto, na anaonyesha mikono yake. Karani ameandika hilo la mikono katika mabano, kama jambo lisilohusu kesi.

Alikuwa na hati. Wajukuu wa bwana hawakujua kama ipo, au walijua wakadhani mwanamke asiyeweza kusoma hangekuwa ameitunza. Shahidi wa mwandiko aliitwa, hati ikathibitishwa, dai likatupwa. Chini ya maelezo yake kuna dole gumba, wino umejaa mpaka nje ya mstari.

Nilirudi kwenye jalada hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Katika maisha yangu yote nilijivunia bwana mwenye jahazi, na hakuna alichonifanyia. Huyu alikuwa amelishinda dai la watu wenye nisba, mbele ya hakimu wa Kizungu, kwa karatasi ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuisoma, na sisi tulimgeuza binti wa aliyemmiliki ili tuweze kumtaja mbele za watu.

Yaliyofuata si ya kujivunia vilevile, nami siwezi kuyaruka. Hati ilitaja watu watano. Mahakamani alisimama mmoja, na mwenye karatasi ndiye mwenye sauti. Alipofariki, mwanawe, yaani babu yangu, aliyejua kusoma na kuandika, alibaki na hati na hukumu pia. Stakabadhi za karafuu zikawa kwa jina lake peke yake. Kisha vita vya 1939 vikaleta chakula cha mgao, kikagawiwa kwa kabila, na mchele haukuwa wa kila mtu. Wengi Zanzibar walibadili walivyojiandikisha miaka ile. Babu yangu naye akaiokota nisba ya bwana wa mama yake, akala wali. Simlaumu kwa wali. Nashangaa tu jinsi jambo lililoanzia tumboni lilivyopanda likafika kwenye posa.

Na ujanja huo hata haukuwa na haja ya kwenda mbali hivyo. Wengi wa wana wa Sultani Sayyid Said, Barghash akiwamo, walizaliwa na masuria, na bintiye Sayyida Salme aliandika wazi habari za mama yake Mcherkesi katika kumbukumbu alizochapisha 1886. Mji mzima uliimba nyimbo za Siti binti Saad, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, sahani zake za santuri zikiletwa kutoka Bombay tangu 1928. Wakati huohuo watu walewale waliokuwa wakitikisa vichwa kwenye gramafoni walikuwa wakiulizana kufu.

Nilipowaita ndugu, ami yangu, mdogo wa mwisho wa baba, alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mambo haya yalizikwa na wenyewe," akasema. "Wewe unamfukua nani?"

"Ami, wenyewe hawakuzika. Bibi aliitunza hati miaka yote."

"Aliitunza kwa sababu ya shamba."

"Basi kwa nini hakuitoa sitini na nne?"

Hapo alinyamaza. Swali hilo lilinisumbua mimi pia. Baada ya Mapinduzi nisba yetu ilikuwa hatari, na karatasi inayosema sisi ni kizazi cha watumwa ingetufungulia milango mingi. Bibi aliiacha ndani ya msahafu. Watu waliposema sisi Waarabu, alikubali kwa kunyamaza, akapoteza nyumba ya mjini. Nikakumbuka jambo ambalo utotoni tulilichukulia kuwa ni wazimu wa uzee: hakuna kaniki iliyoruhusiwa kuingia nyumbani mwake, hata ya kufutia sakafu. Kaniki ilikuwa vazi la wajakazi, na bibi alimjua mama mkwe wake akiwa hai.

Binamu wa Maskati nilimpelekea picha za kila kitu. Alikaa kimya, kisha akaandika kwamba hati ile nisiipeleke ubalozini. Nikamjibu sikuwa na nia hiyo. Baadaye usiku akapiga simu kuuliza ule mto uliotajwa mahakamani ni mto gani. Sina jibu, lakini tangu hapo ananitumia ramani.

Katikati ya mambo haya kaka yangu alipata posa ya bintiye, kutoka kwa kijana ambaye zamani angeambiwa mtoto anasoma. Ami aliinua kichwa kuuliza lile swali, akaniangalia, akaomba chai. Wamekwisha oana. Sitaki kulifanya hilo jambo kubwa. Msichana alikuwa amemtaka kijana huyo tangu mwanzo na huenda angemfuata hata bila msahafu.

Jambo kubwa kwangu lilikuwa shamba. Bondeni, karibu na kijito kilichotajwa katika hati, wanaishi watu ambao tangu nipate akili tuliwaita "watu wa bondeni". Msimu ukifika huchuma karafuu zetu kwa malipo ya pishi, wanawake wao hukaa jamvini kuchambua makonyo, na sisi tulikuwa tukisema kwamba tumewaacha wakae kwa hisani. Jina la tatu katika hati ni la babu yao. Nilizifanya hesabu zangu za mwalimu mstaafu, nikaona kile ambacho tungekipoteza katika mavuno ya mwaka mmoja, na nitasema kweli, niliiweka ile karatasi kashani ikakaa. Halafu nikaabiri boti nikaenda Wete.

Mzee wao alinipokea barazani. Nikamsalimu, nikamsomea hati nzima, pamoja na dua za mwanzo. Nilipomtaja babu yake kwa jina hakushtuka.

"Tulikuwa tunajua, mwanangu," akasema. "Na bibi yako alijua. Kila mavuno akituletea fungu usiku, akisema ni zaka. Zaka gani ya kuletwa usiku?"

Nikamuuliza mbona hawakudai kamwe.

"Karatasi ilikuwa kwenu."

Alilisema hilo bila ukali, akamwita mjukuu alete madafu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira au kwa shukrani, na sikupewa hata moja. Aliuliza maswali ya maana: hati imesajiliwa au la, nani atapima mipaka, ami yangu anasemaje. Nikamwambia ukweli juu ya ami. Akacheka. Alisema ami alikuwa hivyo tangu wakicheza nage pamoja.

Nakala sasa ziko Kamisheni ya Wakfu, na moja iko kwa watu wa bondeni. Mavuno yaliyopita, fedha za karafuu kutoka ZSTC, shirika la biashara la serikali, zilipotoka, tuligawa kwa mafungu. Ami hakuja, alimtuma mwanawe na mfuko. Kizazi cha jina la kwanza tuliwapata Chake Chake, na cha nne walijileta wenyewe, habari zikiwa zimekwisha sambaa. Ubishi ulikuwa juu ya jina la tano. Ni la mwanamume, limeandikwa pamoja na jina la kabila lake, Myao, na hakuna mzee hata mmoja anayemkumbuka. Kaka yangu alitaka fungu lake ligawiwe kwa waliopo. Maalim alisema turudi kwenye maneno ya hati na tumwulize kadhi. Mzee wa bondeni akasema huyo bwana anaweza kuwa alihamia upande wa Ng'ambo, mjini Unguja, kama wengi wa wakati wake, akaoa, na wajukuu wake wako huko wanapanga nyumba bila kujua kama wana minazi. Ndipo tukakubaliana fungu lisiguswe. Liko kwenye akaunti ya benki, na Kilimani nimekwisha omba majalada ya kodi za viwanja vya Ng'ambo. Ami amepiga simu kuuliza kama nimepata kitu.